Jembe la Mama, Mpini Wangu

Jembe halijavunjika. Nilipompigia mama simu Muheza kumwambia jembe lake limevunjika, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Limevunjika chuma au mpini?" Mpini, mama. "Basi jembe zima," akasema, akahamia kwenye habari za wajukuu.

Kwake mpini ni kitu cha kuisha, kama sabuni. Chuma ndicho jembe. Na chuma hicho amekitumia tangu sijazaliwa. Udongo umekila mpaka pembe zake zimekuwa duara, na ukikilaza kando ya jembe jipya la dukani utaona kimepungua upana wa vidole vitatu hivi. Alama ya kiwanda imefutika, umebaki mkwaruzo ambao mama anaapa ulikuwa mamba. Simbishii. Majembe ya mamba yalitoka Wolverhampton, Uingereza, kwenye kiwanda cha Chillington, na watu wa rika lake wanayataja kwa heshima wanayowapa walimu wao wa darasa la kwanza. Baadaye nchi ikaanza kufua majembe yake Ubungo, Dar es Salaam, katika kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China. TANU ilipotangaza kule Iringa mwaka 1972 kwamba siasa ni kilimo, jembe tayari lilikuwa kwenye nembo ya taifa, limepishana na shoka. Mipini yote miwili ya pale kwenye nembo imenyooka vizuri sana. Ningependa kumjua fundi aliyeichonga.

Wa kwetu ulikatika pale inapokatikia karibu mipini yote, ndani ya tundu. Nilikuwa napasua matuta ya mihogo nyuma ya nyumba, Pongwe, udongo umelainika kwa mvua za kwanza za vuli, na sikupiga kwa nguvu hata kidogo. Mlio wenyewe ulikuwa mkavu, mfupi. Chuma kikabaki ardhini, mimi nikabaki na fimbo.

Ukiitazama sehemu iliyokatika unaona kwa nini. Kila unapopiga na kuinua tonge la udongo, mpini unataka kupinda, na nguvu yote ya kupinda inakusanyika pale mti unapoingia kwenye chuma. Hapo hapo ndipo maji yanapokaa. Jembe linarudi shambani limelowa, linaegemezwa ukutani, na ndani ya tundu hakuna jua wala upepo. Chuma kinapata kutu, na kutu ikikutana na mti wenye unyevu inaula mti taratibu, unakuwa mweusi na mlegevu. Kipande nilichokitoa kilikuwa cheusi pande zote, na katikati palikuwa na sehemu ndogo tu ya mti mweupe, mzima. Hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa imelishikilia jembe, sijui kwa misimu mingapi.

Watu wengi wakifika hapo hulitupa jembe kwenye moto, kipande kiungue kitoke chenyewe. Ni njia rahisi, na ni njia ya kuliua jembe. Chuma cha jembe kilipofuliwa kilipewa ugumu kwa moto na kupoozwa kwa hesabu. Ukikichoma tena ovyo ugumu ule unaondoka, na msimu ujao utaona makali yanajikunja kwenye kila kijiwe. Mimi nililiweka jembe juu ya matofali mawili, nikatoboa kile kisiki kwa keekee mara kadhaa, nikakigonga kwa nondo fupi kutoka upande mwembamba kikaanguka vipande vipande. Kisha nikasugua kutu ndani ya tundu kwa msasa. Kazi ya robo saa, ukitoa muda wa kumtafuta jirani mwenye keekee.

Huku kwetu kaskazini-mashariki jembe halikuwa hivi zamani. Kule Upare, Washana walikuwa ukoo wa wahunzi. Waliyeyusha chuma na kukifua, na jembe lao liliweza kwenda kwenye mahari. Majembe ya kufua ya wakati huo hayakuwa na tundu. Yalikuwa na mkia, na mkia ule ulipashwa moto ukachomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini mpaka ukatokea upande wa pili. Chuma kiliingia ndani ya mti. Majembe ya viwandani yakaja na mambo kinyumenyume: sasa mti ndio unaoingia ndani ya chuma. Lakini mchongaji hakubadilika sana. Mpaka leo mpini mzuri wa jembe una kichwa kinene upande mmoja, na unaingizwa kwa kupitisha ncha nyembamba kwanza, unauvuta mpaka kichwa kinagoma kupita. Ndiyo maana jembe halihitaji kabari. Shoka na nyundo mpini wake unaingia kwa chini, ukitoka chuma kinaruka, kwa hiyo lazima ukipasue kichwa cha mpini na kukigongea kabari. Jembe na sururu, kila unapolizungusha hewani chuma kinakimbilia kwenye unene wa mpini na kujikaza chenyewe. Aliyebuni jambo hili alikuwa na akili nyingi, na hakuacha jina.

Basi ninapoona jembe limepigiliwa msumari kati ya mpini na tundu nasikitika kidogo. Msumari unaupasua mti pale pale unapotakiwa kuwa na nguvu, na unafungua mlango wa maji. Kamba ya mpira wa baiskeli, ambayo katika mji wa baiskeli kama Tanga haikosekani, ni afadhali maana haipasui kitu. Lakini nayo ni ya kusogezea siku.

Nilishuka mjini kutafuta mpini. Pale Ngamiani kuna mzee anayeuza mipini, mizima na iliyochongwa nusu, imeegemezwa ukutani kwa mafungu. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za Pongwe, mvua imeshika huko? Tukamaliza mvua, tukamaliza bei ya mahindi, ndipo nikasema shida yangu. Nikachukua mmoja uliokuwa laini, mweupe, umenyooka kuliko wote. Akanitazama.

"Huo utaupenda siku ya kwanza," akasema.

Akauchukua akaugeuza, akanionyesha nyuzi za mti. Zilianzia upande wa kulia karibu na kichwa, zikapita kwa mshazari, zikatokea nje upande wa kushoto kabla hazijafika katikati. "Huu umepasuliwa na msumeno. Msumeno haujali mti unaelekea wapi, unafuata mstari wa fundi. Ukiupiga utakatika kwa kufuata nyuzi, hapa." Akaweka kidole. "Wewe unadhani umenyooka. Umenyooka nje tu."

Akachukua mwingine, umepinda kidogo, una fundo moja chini, ganda limeparwa kwa panga. Huo ulikuwa tawi zima. Nyuzi zilianza kichwani zikaisha mwisho, zimepinda pale mpini ulipopinda. Mpini wa namna hiyo, au ulipasuliwa kwa shoka kutoka kwenye gogo, hauna pa kukatikia kirahisi, kwa sababu shoka linapasua mti pale mti wenyewe unapokubali kupasuka. Nimekuwa nikiwasikia watu wakibishana mti gani unafaa mpini, na mimi mwenyewe nilikuwa na maoni makali. Tangu siku ile naona mwelekeo wa nyuzi unatangulia, ukavu unafuata, na jina la mti ni la tatu.

Ingawa la tatu nalo lina utamu wake, na pale kwa mzee tulilimaliza. Mkwaju ni mgumu, unavumilia, ila mzito. Akina mama wanaulalamikia mabegani. Mpera ni mzuri sana kwa shoka na jembe, una mnyumbuko, tatizo kuupata ulionyooka. Mkalitusi umenyooka na ni rahisi, lakini ukikauka haraka unapasuka na nyuzi zake zina tabia ya kujisokota kuzunguka shina. Mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, hauogopi mchwa, na vipande vyake vya kiwandani vinauzwa kama mipini, ila kwa kazi ya kupiga na kupiga mimi nauona mkavu wa tabia, unavunjika ghafla. Mpingo nilimtajia kwa mzaha. "Mpingo uache kwa wapiga zumari," akasema. "Ni mgumu, ndiyo, lakini hautoi. Kila ukipiga jiwe, jiwe linakupiga wewe kiwiko." Mkoko wasiuguse, una sheria zake na samaki wake. Na mlingoti wa mkonge, ambao mkoa huu umejaa, ni mwepesi mno. Unafaa kuangulia maembe.

Ule uliopinda ulikuwa mzuri, tatizo ulikuwa mbichi. Mzee mwenyewe hakuficha. Kwa kucha tu ulitoa maji.

Mti mbichi umejaa maji, na maji yanapopungua chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu ndipo unapoanza kusinyaa. Unasinyaa kwa unene, kwa urefu karibu hausogei. Maana yake mpini mbichi uliokaza tundu leo, kiangazi kikifika unacheza ndani ya tundu, na urefu wake ni ule ule, kwa hiyo unadhani hakuna kilichobadilika. Ndipo watu wanaliloweka jembe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli. Lakini mti unaovimba ndani ya pete ya chuma hauna pa kwenda, unajibana wenyewe, nyuzi zinapondeka, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko jana. Kila kuloweka kunadai kuloweka kwingine, na katikati ya hapo kutu inaendelea na shughuli zake.

Nikampigia mama tena. Kabla sijamaliza akasema, "Uchagani kuna mti."

Uchagani, juu ya meko, katika jiko lake la kuni, kulikuwa na mti ambao mjomba aliuweka pale alipong'oa michungwa yake iliyozeeka. Aliuweka kwa sababu nyumba yenye jembe lazima iwe na mti wa mpini unaosubiri. Hakuulizwa na mtu, wala hakumwambia mtu zaidi ya mama. Ulikuwa chipukizi lililotoka chini kabisa kwenye shina, likanyooka kwenda juu kutafuta jua, nene kama mkono wa mtoto, na pale lilipojibandua kwenye shina lilikuja na bonge lake. Kichwa cha mpini, tayari kimeumbwa. Ganda lilikuwa limebanduliwa zamani, maana ganda likibaki wadudu wanaotoboa mti wanaishi chini yake kwa raha mpaka uone unga mwembamba sakafuni. Ncha zote mbili alizipaka nta ya mshumaa ili maji yasitokee huko kwa haraka na kuacha nyufa. Moshi ulifanya mengine. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, na ukiugonga kwa kidole cha kati unajibu.

Mama anauita mpini wa mchungwa. Michungwa ya Muheza mingi imebebeshwa juu ya shina la mlimao, na chipukizi linalotoka chini ya pale palipobebeshwa ni la shina, lenye miiba yake. Kwa nasaba, basi, mpini wangu ni mlimao. Sikumwambia mama.

Kuuchonga nilianza na panga, kwa vipigo vifupi vya kuelekea ncha nyembamba, sikurudi nyuma hata palipokuwa na kishawishi, kwa sababu ukichonga kinyume cha nyuzi panga linazama na kuondoka na kipande usichokikusudia. Kichwani ndipo penye kazi. Tundu la jembe la zamani halina uduara kamili, na mti ukigusa sehemu mbili tu utalegea hata kama umekauka miaka kumi. Dawa yake ni masizi. Unapaka masizi ya sufuria ndani ya tundu, unapitisha mpini mpaka ukwame, unautoa. Panapokuwa peusi ndipo panapogusa. Unaparua peusi tu kwa kipande cha chupa, unarudia. Mwanzoni unaona alama mbili tatu za aibu. Kadiri unavyorudia weusi unatambaa, mpaka kichwa chote kinatoka kimevaa pete nyeusi mzunguko mzima. Ukifika hapo geuza jembe, kichwa cha mpini kiwe chini, ukigonge kwenye jiwe. Chuma kinashuka chenyewe na kukaa. Sauti inabadilika, kabla ya hapo inatoa mlio wa vitu viwili, baadaye mmoja.

Sasa urefu.

Mpini wa zamani niliulaza chini kuuchukua kipimo, nikapata sentimita 80 na kidogo, ukiongeza kile kipande kilichobaki tunduni. Nikausimamisha kando yangu ukanifikia pajani. Mama yangu ni mfupi. Hafiki begani kwangu, na mpini ule alichongewa yeye, na baba, kwa kazi aliyokuwa akiifanya zaidi, ambayo ni palizi ya karanga na kunde. Palizi inataka uwe karibu na ardhi, uone jani la kunde na jani la gugu, na mpini mrefu hapo ni wa kufyekea chakula chako mwenyewe. Kwake ulikuwa sahihi kabisa. Jembe lilipokuja kwangu lilikuja na kimo chake, na mgongo wangu umekuwa ukikilipia.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilikuta kwamba California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani mwaka 1975, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo lile. Vibarua wa mboga, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walikuwa wakipewa mipini mifupi na kuinama kutwa kupunguza miche ya letasi, na migongo yao ikaharibika kabla ya uzee. Wenye mashamba walidai mpini mrefu utaharibu miche. Lakini wafanyakazi walieleza pia faida nyingine aliyokuwa nayo msimamizi: kibarua anayesimama kupumzika alionekana kutoka mbali. Mpini ukarefushwa, na letasi haikukoma kuliwa.

Mama hakulazimishwa na mtu, tofauti ni hiyo, na ni kubwa. Alichongewa na aliyemjua. Ila kitu alichochongewa mtu mmoja hakimfai mwingine kwa sababu tu ni mwanawe. Chuma unarithi. Mpini unapimwa.

Namna ya kupima nilimuuliza yule mzee wa Ngamiani, naye alishangaa kwamba kuna mtu hajui. Simama wima, uutie mpini chini mbele yako. Kwa kulima kwa kuinua na kupiga ukufikie kitovuni au vidole vichache juu yake. Kwa palizi ushuke. Mwenye mikono mirefu apunguze. Halafu ufanye kazi nao kabla hujaukata, shika mahali tofauti tofauti, uone mkono wa nyuma unapenda kukaa wapi, ndipo uweke alama. Wangu uliangukia sentimita 104. Niliuacha mrefu kidogo kuliko alama, kwa sababu kukata kuna siku yake, kuunga hakuna.

Kuhusu kupaka: vanishi inapendeza dukani tu. Mkono ukitoa jasho inateleza, unashika kwa nguvu zaidi, malengelenge yanakuja. Nilisugua kwa msasa, kisha nikapaka mafuta ya kitani niliyoyapata duka la rangi, tabaka jembamba, nikafuta, nikarudia siku iliyofuata. Mafuta ya nazi ndiyo tuliyo nayo tele na watu wengi hupaka hayo. Hayana ubaya ila hayakauki, yanabaki mafuta, yanakusanya vumbi na baada ya muda yananuka. Oili chafu ya gari inafukuza mchwa, kweli, na inafukuza hamu ya kula kwa mkono ule ule. Ndani ya tundu peke yake niliruhusu grisi kidogo, kwa ajili ya kutu.

Nimelima nalo matuta yaliyobaki. Sitasema mgongo hauumi. Unauma, ila sehemu nyingine, juu zaidi, na nikisimama unaacha. Mama alikuja wiki ya mihogo kuota akalishika, akalipima kwa mkono, akapiga mara moja pembeni ya tuta. "Zito mbele," akasema. Kisha akapiga tena. "Na refu. Hili si langu." Akaomba nimletee kiti.

Dada, ambaye hakuchangia chochote katika mambo haya isipokuwa kucheka, ameona na yeye anataka. Ana jembe lake jipya la dukani lenye mpini wa msumeno ambao nyuzi zake nimemwonyesha kwa kidole na sasa anaogopa kulitumia. Mjomba amepeleka mti mwingine uchagani, huu ni mpera. Dada ameambiwa asubiri kiangazi kipite. Amejibu kwamba yeye si mama wala si mimi, na kwamba atakuja mwenyewe kusimama kando ya mti huo, na viatu amevua.